Kuandika maisha ya mwandishi ukiwa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mwandishi na mwanafalsafa V. Y. Mudimbe afariki huko Marekani mwezi wa Aprili 2025, watu wengi wa hapa wamepata hamu ya kuandika juu yake: wanafunzi wanaotayarisha TFC (kazi ya kumaliza ngazi ya kwanza ya chuo), walimu wa sekondari, vikundi vya wasomaji, na watu wa Likasi wanaojivunia kwamba alizaliwa kwao. Hamu hiyo ni njema. Shida ni kwamba mengi yanayozunguka mjini ni sifa tupu au uvumi mtupu. Majibu yafuatayo yanamchukua yeye kama mfano, lakini njia ni ileile kwa mwandishi mwingine yeyote. Kuna jambo moja ninalolishikilia toka mwanzo: makaratasi mengi ya maisha ya waandishi wetu yako Ubelgiji, Ufaransa na Marekani, lakini mahali pale walipoishi, na watu wanaowakumbuka, viko hapa. Anayeandika akiwa Lubumbashi ana ushahidi ambao mtafiti wa Brussels hana. Anachotakiwa ni kuuchunguza kwa ukali uleule ambao angeuchunguzia karatasi.

Nianzie wapi?

Anza na karatasi moja na tarehe. Kabla hujamhoji mtu wala hujafungua intaneti kwa muda mrefu, andika yale ambayo hayana ubishi. Kwa Mudimbe ni haya: alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Akiwa kijana aliingia utawa wa Wabenedikto huko Rwanda, akatoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alisoma Lovanium, Kinshasa, kisha akapata udaktari wake Louvain, Ubelgiji, mwaka 1970. Alirudi nyumbani kufundisha, na katika miaka ya 1970 alikuwa mkuu wa Kitivo cha Fasihi kwenye kampasi ya Lubumbashi. Riwaya zake za kwanza zilitoka hivi: Entre les eaux mwaka 1973, Le bel immonde mwaka 1976 na L'écart mwaka 1979. Kufikia mwaka 1980 alikuwa ameondoka Zaire, na maisha yake yote ya kazi yaliyobaki aliyaishi Marekani, hasa Haverford, Stanford na Duke. Kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kote, The Invention of Africa, kilitoka mwaka 1988.

Kando ya kila mstari andika umeutoa wapi. Usiokuwa na chanzo uandike kwa penseli. Karatasi hii itakusaidia kuliko unavyodhani. Siku mzee atakapokuambia kwamba alikaa darasani mwa Mudimbe kampasi mwaka 1985, utatambua palepale kwamba mwaka umeteleza, na utaendelea kumwuliza kwa upole bila kuitupa habari yake yote.

Nikitafuta jina lake napata habari nusunusu. Kwa nini?

Kwa sababu majina karibu yote yanayogusa maisha yake yamebadilika, mengine zaidi ya mara moja. Hili ndilo linalowapotezea wanafunzi muda mwingi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Tuanze na yeye mwenyewe. Alibatizwa Valentin-Yves. Mwaka 1972, utawala wa Mobutu ulipowalazimisha watu kuacha majina ya ubatizo, akawa Vumbi-Yoka. Vitabu vyake vingi vimetiwa herufi mbili tu, V. Y., ambazo zinafaa kwa majina yote mawili. Kwa hiyo mtu anayetafuta "Valentin-Yves Mudimbe" peke yake hupitwa na makala za miaka ya 1970, na anayetafuta "Vumbi Yoka" peke yake hupitwa na karibu kila kilichoandikwa baadaye. Tafuta yote mawili, halafu "V. Y. Mudimbe", halafu "Mudimbe" pamoja na jina la kitabu.

Miji nayo ni vilevile. Karatasi za ukoloni zitasema Jadotville na Élisabethville. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Jimbo lilikuwa Katanga, likaitwa Shaba chini ya Mobutu, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likakatwa vipande vinne; Likasi na Lubumbashi ziko Haut-Katanga. Nchi yenyewe imekuwa Kongo ya Wabelgiji, Kongo, Zaire, na Kongo tena. Mwanafunzi anayeandika "Likasi, Haut-Katanga" kwenye sanduku la kutafutia hatapata cheti wala gazeti la mwaka 1941.

Chuo chetu pia kina majina ya zamani. Kilikuwa Université officielle, kikaingizwa katika UNAZA (Université nationale du Zaïre) mwaka 1971, kikawa Université de Lubumbashi mwaka 1981. Mageuzi ya 1971 yana uzito wa pekee kwa anayetafuta waandishi: Kitivo cha Fasihi kilikusanywa Lubumbashi, na walimu waliokuwa Kinshasa wakahamia huku. Ndiyo sababu miaka ya 1970 kampasi yetu ilijaa watu wa kalamu. Ukitafuta mashahidi, watafute katika madarasa ya miaka hiyo, na kwenye kila karatasi ya wakati ule tarajia kusoma "UNAZA, campus de Lubumbashi".

Mwisho, Lovanium si Louvain. Lovanium ilikuwa Kinshasa, Louvain iko Ubelgiji. Majina yanafanana kwa sababu ya kwanza ilianzishwa na watu wa ya pili, na wengi huyachanganya, wakampa Mudimbe udaktari wa Kinshasa.

Ameandika mwenyewe juu ya maisha yake. Je, hiyo haitoshi?

Haitoshi, ingawa lazima uisome. Kitabu kikuu ni Les corps glorieux des mots et des êtres, kilichotoka mwaka 1994. Humo anarudi kwenye utoto, seminari, utawa na masomo. Hakuna mtu mwingine anayeweza kukuambia sala za alfajiri zilimfanya nini moyoni, au Kilatini kiliingiaje katika fikra zake. Kwa mambo ya ndani ya mtu, shahidi wa kwanza ni yeye.

Lakini angalia alikuwa nani alipoandika. Ana zaidi ya miaka 50, yuko Marekani, ameshakuwa mwanafalsafa anayesomwa kila bara. Yule mtawa kijana wa Rwanda anasimuliwa na profesa huyu, na profesa anajua hadithi iliishia wapi. Bila kudanganya hata kidogo, mtu huchagua yale yanayoelekea mahali alipofika, na mengine huyaacha. Kwa hiyo, kwa tarehe, majina ya watu na sababu za ugomvi, usimwachie mwandishi peke yake.

Pale inapowezekana, linganisha kumbukumbu za baadaye na maandishi ya wakati wenyewe. Mwaka 1976 alichapisha Carnets d'Amérique, daftari la safari yake ya Marekani. Huyo ni mtu wa miaka thelathini na kitu anayeandika akiwa bado raia na mwalimu wa Zaire, hajui kwamba miaka michache baadaye atahamia nchi hiyohiyo anayoitazama kama mgeni. Ukisoma sura mbili za daftari hilo na sura mbili za kitabu cha 1994 siku moja, utasikia sauti mbili, na tofauti kati yake ni habari ya maisha.

Kuna pia filamu ya Jean-Pierre Bekolo ya mwaka 2015, Les choses et les mots de Mudimbe, ya karibu saa nne, ambamo mzee mwenyewe anazungumza nyumbani kwake. Itazame ukiwa na daftari. Kumwona mtu akinyamaza kabla ya kujibu kunafundisha jambo ambalo ukurasa hauwezi kulionyesha.

Riwaya zake zinaeleza maisha yake?

Hapana, na hapa nawaomba wanafunzi wawe wakali na nafsi zao. Katika Entre les eaux kuna padri, Pierre Landu, anayeacha parokia na kujiunga na waasi msituni. Kwa kuwa Mudimbe alikuwa mtawa, na kwa kuwa Kongo ilikuwa na maasi katika miaka ya 1960, wengi huandika kwamba Landu ni yeye. Mudimbe alikuwa mtawa aliyeuacha utawa; hakuwa padri, wala hakushika bunduki. Riwaya inaweza kukuonyesha maswali yaliyokuwa yakimsumbua: mtu afanyeje kuwa Mkristo na Mwafrika katika nchi inayowaka moto? Swali ni lake. Matukio ni ya Landu.

Kanuni rahisi: kamwe usiandike tukio la riwaya kama tukio la maisha mpaka ulipate katika chanzo kingine kisicho riwaya. Na chanzo hicho kiwe chenyewe hakikutoa habari kutoka kwenye riwaya, maana hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Kanuni hiyohiyo inamlinda mwandishi aliye hai. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014, ina mji wa migodi ambao haukutajwa jina, na watu wa kwetu wanaisoma wakitafuta baa zao. Ni furaha ya msomaji, haina ubaya. Ila haikupi ruhusa ya kuandika alikunywa wapi na nani.

Wikipedia inafaa?

Inafaa kama mlango. Ingia, shuka mpaka chini kwenye tanbihi, tazama ni vitabu gani vimetajwa, halafu uvitafute vitabu hivyo. Fungua ukurasa wa Kifaransa na wa Kiingereza kwa pamoja, kwa kuwa mara nyingi vinatofautiana, na pale vinapotofautiana ndipo pa kuchimba. Sentensi isiyo na tanbihi usiinukuu.

Nimeona tarehe mbili za kifo katika mitandao. Ipi ni sahihi?

Kwanza kumbuka saa. Wakati wa Aprili, Lubumbashi iko mbele ya mashariki ya Marekani kwa saa sita. Mtu akifariki huko saa moja ya jioni, hapa tayari ni saa saba ya usiku, siku imeshageuka. Tarehe ya kuandika ni ya mahali alipofia. Itafute katika tangazo la familia au la chuo alichofanyia kazi. Rambirambi za hapa nyumbani zilitolewa na watu waliopata habari kwa simu.

Vitabu vya wataalamu juu yake viko upande gani?

Kila mmoja ana dirisha lake. Bernard Mouralis, Mfaransa, aliandika mwaka 1988, kabla vitabu vingi vya Marekani havijasomwa. Kasereka Kavwahirehi ni Mkongo anayefundisha Ottawa, Kanada. Kitabu chake cha 2006 kinamsoma Mudimbe kutoka ndani ya historia ya Kongo. Pierre-Philippe Fraiture wa Warwick, Uingereza, aliandika mwaka 2013 kwa Kiingereza, akimweka kati ya wanafikra wa dunia. Ukisoma mmoja tu, utamwandika Mudimbe wa huyo mmoja.

Lakini tambua kwamba wote watatu wanashughulika zaidi na fikra kuliko maisha ya kila siku. Alikaa nyumba gani hapa mjini, alipokeaje wanafunzi, alifika kazini kwa gari au kwa miguu: hayo hawakuyatafuta. Pengo hilo ni lako kulijaza.

TFC na mémoire (tasnifu) za chuo ninaweza kuzitumia?

Ndiyo, lakini kwa jicho kali. Nzuri zina hazina: mahojiano na watu ambao sasa wamekufa, orodha za makala ambazo hakuna mwingine aliyezikusanya. Mbaya ni nakala ya nakala. Mtu alikosea tarehe zamani, mwenzake akainakili, wa tatu akawataja hao wawili kama vyanzo viwili vinavyokubaliana. Hapo msomaji anadhani jambo limethibitishwa mara tatu, kumbe mashahidi wote watatu walikunywa kisima kimoja. Kabla ya kuhesabu vyanzo, fuata kila kimoja kinyumenyume mpaka ufike kwa aliyeona au karatasi ya wakati ule. Vikikutana mahali pamoja, una chanzo kimoja.

Nawahoji vipi wazee waliomfahamu?

Hii ndiyo kazi ambayo ningependa ifanywe kabla ya nyingine zote, kwa sababu vitabu vitangoja na wazee hawatangoja. Aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 22 mwaka 1974 amevuka 70 sasa.

Nenda na mtu anayemfahamu, mtoto wake au jirani, aje akutambulishe. Usiende mikono mitupu. Sukari na mkate vinatosha. Salimia, keti, jibu kwanza maswali yake: wewe mtoto wa nani, unaikala wapi, unasoma kwa nani. Huko si kupoteza muda. Mzee anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Chaji simu tangu usiku uliotangulia, maana umeme ukikatika katikati ya mazungumzo hutapata tena sauti ileile. Omba ruhusa ya kurekodi, na ruhusa hiyo isikike ndani ya rekodi.

Usianze na mwandishi. Anza na mzee mwenyewe: "Papa, wakati ile mulikuwaka munaikala wapi?" Mwache aeleze mtaa wake wa Kenya au Katuba hapa mjini, kampi ya wafanyakazi wa migodi wa Gécamines, jina la mwenzake wa chumba. Mtu akishasimama vizuri katika maisha yake, kumbukumbu ya mwingine inakuja yenyewe, tena ikiwa na mahali pake. Ukimwuliza palepale "Mudimbe alikuwa mtu wa namna gani?", utapata hotuba ya kwenye kilio: mwenye akili sana, mnyenyekevu sana, hasara kwa taifa.

Kisha uliza swali ambalo watu wengi wanaona haya kuliuliza: "Mulimuonaka na macho, papa, ao balielezaka tu?" Liulize kwa heshima, na uliulize kila mara. Mzee hataudhika, wengi hufurahi kuona unatenganisha. Andika alama pembeni: M kwa aliloona na macho, S kwa alilosikia. Yote mawili yana kazi. La kusikia linakuambia mji ulikuwa unasema nini, na hilo nalo ni historia, mradi usiliandike kama tukio.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mtu kutaja namba. Mpe matukio ambayo kila mtu wa hapa anayakumbuka. Ilikuwa kabla au baada ya timu ya soka ya Mazembe, iliyokuwa bado inaitwa Englebert, kuchukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968? Kabla ya vita vya Shaba, ile ya kwanza ya 1977 au ile ya Kolwezi ya 1978? Baada ya Mobutu kufuta noti mwezi Desemba 1979, watu wakalala na pesa na kuamka na makaratasi? Mzee aliyesema "miaka ya sabini hivi" atakuambia mara moja: "Ilikuwa mbele ya noti kufutwa, maana mshahara wa mwezi ule..." Na hapo una tarehe bora kuliko namba ya kubahatisha.

Rudi mara ya pili, baada ya siku kadhaa. Mara ya kwanza mtu husimulia alichozoea kusimulia. Mara ya pili husimulia alichokumbuka ulipoondoka.

Usisahau akina mama. Makatibu wa ofisi, wake wa walimu, waliouza chakula karibu na kampasi, waliopiga chapa kazi za watu kwa mashine. Mama aliyepiga chapa kurasa za mwandishi anajua mwandiko wake, kasi yake na idadi ya mara alizorudia ukurasa mmoja. Karibu hakuna anayewahoji.

Wazee wawili wanapingana. Nimwamini nani?

Kwanza usichague. Waandike wote wawili kwa ukamilifu, kisha uliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi: alikuwa mwanafunzi, mwenzake wa kazi, mpinzani wake kwenye cheo, ndugu, jirani? Mpinzani si mwongo kwa sababu ni mpinzani. Mara nyingi anakumbuka vizuri zaidi, kwa sababu kulimwuma.

Chukua swali la kuondoka kwake. Linalojulikana ni kwamba utawala ulitaka kumweka katika Kamati Kuu ya MPR, chama pekee cha nchi wakati ule, naye akaenda uhamishoni. Mmoja atakuambia alikimbia siasa. Mwingine atakuambia mwalimu wa kiwango chake angeondoka tu, kwa hali ya vyuo vyetu wakati ule. Hizo si habari mbili zinazouana. Mtu anaweza kukataa kiti na pia kutafuta maktaba. Kosa ni kuandika "aliondoka kwa sababu" ukiwa na sababu moja uliyoipenda. Andika kilichotokea, kisha andika nani anakielezaje.

Na kuna jambo la mji huu ambalo lazima lisemwe wazi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, familia zilikaa stesheni za treni, wengi wakafa. Tangu hapo swali la asili ya mtu si swali jepesi hapa. Utakuta shahidi anayemvuta mwandishi awe "wetu", na mwingine anayemsukuma awe "wao", kwa sababu ambazo hazihusiani hata kidogo na vitabu vyake. Unaposikia habari ya asili, andika msemaji ni nani na alisema mwaka gani, tafuta mwandishi mwenyewe alisemaje, na usiweke katika kazi yako neno la kumdhuru mtu aliye hai.

Kuwa na usawa maana yake niandike mabaya sawa na mazuri?

Hapana. Usawa haupimwi kwa kugawa kurasa nusu kwa nusu. Unapimwa kwa kuliwekea kila dai uzito wa ushahidi wake, liwe la sifa au la lawama. Watu wa kwetu wako wakali kwa lawama na walegevu kwa sifa. Ukisikia "alimtukana profesa fulani", unauliza nani alisikia. Ukisikia "alizungumza lugha kumi", unaandika bila kuuliza. Uliza kote kuwili.

Mfano wa lawama isiyo na uzito: "Alikuwa mwanachama wa MPR." Kweli, na kila Mzaire alikuwa. Chini ya sheria ya wakati ule mtu alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana yake. Sentensi hiyo haikuambii lolote juu ya mtu huyu. Swali lenye maana ni lingine: aliandika nini wakati huo, alisaini nini, alikataa nini, na wanafunzi wake waliokamatwa au kulazimishwa kuingia jeshini wanasema alifanya nini? Kuwa mkuu wa kitivo katika nchi ya chama kimoja kulikuwa na bei. Litafute jibu kwenye ushahidi, usilitoe kwenye huruma wala kwenye hasira.

Kanisa ni vilevile. Aliyeuacha utawa atasimuliwa kwa namna moja na watawa, na kwa namna nyingine na wanaochukia misheni. Yeye mwenyewe aliandika kwa ukali juu ya elimu ya wamisionari, na bado kitabu chake cha maisha kinaonyesha ni kwa kiasi gani ilimjenga. Entre les eaux ilipata tuzo ya fasihi ya Kikatoliki huko Ufaransa mwaka 1975. Ukiufuta upande mmoja wa maisha hayo, huyo mtu anapotea.

Magazeti ya zamani yanaaminika?

Yanaaminika kwa tarehe na kwa nani alihudhuria, na kwa mengine ni lazima ujue ni ya nani. L'Essor du Congo lilikuwa la walowezi wa Élisabethville. Mwana Shaba lilikuwa la kampuni ya migodi, kwa wafanyakazi wake. Magazeti ya miaka ya 1970 yaliandika chini ya chama. Hayo hayakuyaharibu, yanakuambia jinsi ya kuyasoma. Walichonyamazia kina uzito kama walichokiandika.

Hapa mjini niende wapi?

Chuoni UNILU (Université de Lubumbashi) kwanza. Kuna maktaba yenye jina la Mudimbe, yenye vitabu alivyokitolea chuo mwenyewe. Thamani yake kwa mtu anayeandika maisha ni kubwa: unaona alichokuwa akisoma. Uliza pia kazi za Observatoire du changement urbain na za mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Walimu wa kazi hizo wamekusanya masimulizi ya watu wa mji huu kwa miaka mingi, na utajifunza jinsi ya kuhoji. Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, ni mahali pa kukutana na waandishi walio hai. Kwa habari za utotoni, daftari za ubatizo za parokia zinabaki kuwa karatasi bora. Nenda na barua ya mwalimu wako, omba tarehe moja tu unayoihitaji.

Sina pesa za vitabu wala mega (data ya intaneti) za kutosha.

Makala nyingi za Kifaransa za miaka ya nyuma ziko bure kwenye tovuti ya Persée, zikiwemo za Cahiers d'études africaines. Zipakue usiku zote kwa pamoja, uzisome bila mtandao. Mwandikie mtaalamu mwenyewe barua pepe fupi, ukitaja makala moja unayoitaka na kazi unayoifanya. Wengi hujibu na kutuma nakala. Gawaneni vitabu katika kikundi, kila mtu asome kimoja na kuwaandikia wenzake kurasa mbili zenye namba za kurasa.

Naweza kuuliza programu ya akili bandia?

Iulize ikusaidie kupanga maswali. Usiiamini kwa majina ya vitabu, miaka na nukuu. Huvumbua makala zisizokuwepo na kuzipa jina la mwandishi wa kweli. Kila jina la kitabu litafute kwenye katalogi ya WorldCat. Nukuu zinazozunguka WhatsApp zitendee hivyohivyo: isiyo na kitabu na ukurasa haina mwenyewe.

Familia inaniomba nisiandike jambo fulani.

Wasikilize mpaka mwisho, wala usijibu siku hiyo. Jiulize jambo hilo linamhusu nani. Kama ni ugonjwa, ndoa au mtoto, na halibadilishi tunavyovisoma vitabu, liache. Hakuna msomaji aliyedhulumiwa. Kama linahusu kazi yake ya hadharani, alichokifundisha, alichokisaini, aliyemsaidia au kumwangusha, una wajibu wa kuliandika, ukiwa na ushahidi, na ukiiweka pia kauli ya familia kwa maneno yao wenyewe. Wapelekee ukurasa huo kabla haujatoka. Wanaweza kusahihisha tarehe ambayo hungeipata popote.

Nikimaliza, rekodi za mahojiano nizifanyie nini?

Usiziache kwenye simu. Fanya nakala mbili, moja kwenye diski, moja kwa mtu unayemwamini anayeishi mtaa mwingine. Kila faili ipe jina lenye tarehe, mahali na jina la mzee, kama alikubali jina litumike. Andika ukurasa mmoja wa maelezo: nani alikuwepo, lugha gani, dakika ipi anaanza kusema juu ya mwandishi. Mpelekee mzee nakala yake kwenye kadi ya simu, na nyingine uiombee nafasi chuoni, pamoja na barua iliyosainiwa inayosema nani anaruhusiwa kuisikiliza na kuanzia mwaka gani.